Beki wa hoki, usikubali kuwa mtu wa kuondosha mipira tu

Kamwene wote. Wiki hii dogo mmoja wa Makambako kanitumia meseji, anacheza beki shuleni kwao, mpira wa magongo, anauliza "kaka, mpaka ukavaa jezi ya taifa ulipitia wapi, maana huku watu hata hawaujui huu mchezo". Nimeanza kumjibu kwenye simu nikaona inakuwa ndefu, acha niandike hapa na wengine wasome.

Mimi nimekulia Iringa, Kihesa, najua unachosema dogo. Ukipita mtaani na stiki unaulizwa unaenda kuua nyoka wapi. Ila Tanzania ilishacheza hoki Olimpiki, Moscow 1980, na kila nikisema hivyo lazima atokee mtu wa kunikumbusha kwamba India walitupiga 18-0. Ndiyo walitupiga, na India haohao ndio walioondoka na dhahabu mwaka ule. Wale mabeki wetu walisimama mbele ya mabingwa wa Olimpiki, wewe unayecheka umeshasimama mbele ya nani? Mimi nawaheshimu mpaka kesho.

Turudi kwangu. Nilipoitwa kambini mara ya kwanza nilipanda basi la Dar, tunashuka Kitonga najiona nimeshafika. Na nilikuwa beki mzuri, nasema wazi, stiki chini muda wote, sijitupi ovyo, mtu hanipiti kirahisi. Nikacheza. Kambi iliyofuata jina langu halipo, na hakuna aliyenipigia, orodha nimeiona kwenye simu ya mwenzangu. Kumuuliza kocha mmoja ananiambia mabeki wa kuondosha mipira wapo wengi, wewe unaongeza nini? Lile neno linanichoma hadi leo, maana angeniambia tangu siku ya kwanza ningelifanyia kazi mapema.

Nikarudi nyumbani na hasira zangu zote nikazipeleka kwenye kona fupi, ile adhabu wanayopewa washambuliaji mabeki wakifanya kosa karibu na goli lao. Kwa sheria, shuti la kwanza la kona ukilipiga kwa kugonga, mpira ukivuka mstari wa goli juu ya sentimita 46 bao halihesabiki. Lakini ukiuburuza na kuurusha kwa stiki, ile dragifliki, unaruhusiwa kuupeleka juu, na golikipa na mabeki wake wanne wanabaki wanahangaika. Na angalia waliotajirika kwa hiyo kitu ni akina nani. Sohail Abbas wa Pakistan, mabao 348 ya kimataifa, ni beki. Harmanpreet Singh wa India, kapteni, mfungaji bora Paris 2024 kwa mabao 10 na wakachukua shaba, ni beki, tena mtoto wa mkulima aliyekua anaendesha trekta la kwao Punjab. Kwa hiyo wewe wa mahindi na viazi usijidharau.

Niliomba ukuta wa shule, nikachora goli kwa chaki, upana mita 3.66, kimo 2.14. Uwanja ni changarawe tupu, nikafagia kijinjia kimoja tu cha kuburuzia, alfajiri, baridi ya Juni vidole havikunji. Mpira unaudaka nyuma ya mguu wa kulia pale stiki inapoanza kupinda, unashuka mpaka goti la nyuma linakaribia udongo, unauburuza bila kuuachia hadi upite mguu wa kushoto, kiuno kinageuka, viganja vinamalizia. Viganja vikitangulia mpira unakufa. Mgongo unauma balaa, hilo kwenye video hawaonyeshi.

Nikaitwa tena, na safari hii ikipatikana kona wenzangu wote wananiangalia mimi.

Kwa hiyo dogo, jifunze kona. Narudia, jifunze kona, kupiga na kuzuia. Vijana mnapenda jezi na picha za uwanja wa ndege, lakini kuamka alfajiri hamtaki, na mwenye kuchagua timu hana undugu na wewe, mpe kitu ambacho beki mwingine hana. Usisubiri mtu akuone, fanya kazi! Na kwenye kuzuia, ukiwa mkimbiaji wa kwanza, yaani beki anayemkimbilia mpigaji, toka kwenye mstari wa goli kwa kasi, stiki chini, ulinde upande uliokubaliana na golikipa wako, na vaa maski hata mazoezini, gramu 160 za mpira ule zikikupata usoni utakula uji mwezi mzima.