Aliyeumia mgongo: mpimeni kwa mikono kabla ya kudai picha

Ndugu wakimleta mtu aliyeanguka, swali la kwanza karibu kila mara ni hili: "Daktari, eksirei anapigwa saa ngapi?" Nawaelewa. Lakini eksirei inaonyesha mifupa. Ugwe wa mgongo, yaani kamba ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo, na mishipa ya fahamu inayotoka humo haionekani, na pingili zinaweza kukaa sawa kwenye picha huku mgonjwa hasikii miguu. Mimi ni tabibu huku Rungwe, ambako vijana hupanda miparachichi mirefu bila kamba, na kipimo ninachokitegemea kwanza ni pamba, sindano safi na mikono.

Kijana mmoja aliletwa ameketishwa kwenye bodaboda, amebanwa kati ya dereva na shemeji yake. Tulimlaza, tukamgeuza watu wanne kwa pamoja kama gogo, mmoja ameshika kichwa tu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, fumba macho. Nikikugusa sema kama inachoma au ni butu." Kifuani, inachoma. Kitovuni, inachoma. Kinenani akasita: "Hapo kama butu hivi, kaka." Mapajani hakujibu kitu.

Kitovu kinahudumiwa na neva (mshipa wa fahamu) ya kumi ya kifua, kinena na neva ya kwanza ya kiuno. Kwa hiyo picha haijapigwa, tayari tunajua ugwe umeumia maeneo ambayo kifua kinakutana na kiuno, na mpiga picha anaambiwa aelekeze wapi. Pima kwa pamba na kwa sindano vilevile, maana mguso mwepesi na maumivu hupita njia tofauti ndani ya ugwe. Kimoja kinaweza kubaki kingine kikapotea.

Halafu nguvu. Nilimwomba avute kidole gumba cha mguu kuja juu. Cha kulia kimya. Cha kushoto, msuli ulicheza kidogo bila kidole kusogea: kwenye kipimo cha nguvu cha sifuri hadi tano, hiyo ni moja, na inaandikwa hivyohivyo, moja, wala si "miguu dhaifu". Neno dhaifu halimsaidii atakayempokea kesho.

Sasa naomba vijana wenzangu wa kazi wanisikilize hapa. Msiruke sehemu ya haja kubwa kwa sababu ya aibu. Weka pazia, mweleze mgonjwa na ndugu yake kwa heshima, vaa glavu, pima. Akisikia mguso pale, au akiweza kubana, jeraha si kamili, yaani ugwe bado unapitisha taarifa, na matumaini ya kupata nafuu ni makubwa zaidi. Kijana yule alisikia. Ni habari kubwa mno kwa familia kukosa kuambiwa kwa sababu mtu aliona haya.

Muulizeni pia alikojoa lini. Kibofu kinaweza kujaa bila yeye kuhisi, akahitaji mpira wa kutolea mkojo. Kwa aliyeumia shingo, presha ikishuka huku mapigo yakienda polepole, fikirini kuwa ugwe umeumia, ila msiache kutafuta damu inakovujia.

Si wagonjwa wote wa ugwe walioanguka. Mama mwenye maumivu ya mgongo ya wiki nyingi, anayekonda, anatoka jasho usiku na miguu inaanza kulegea, anahitaji kuchunguzwa kifua kikuu cha mgongo, hata kama hakohoi.

Ninyi ndugu: msimketishe, msimwinue kwa kwapa, msimkande. Mlazeni juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kichwa na shingo vikae sawa na kiwiliwili, mtafute gari ambalo atalala. Akipewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ombeni karatasi iandikwe alichosikia, alichosogeza na saa aliyopimwa. Kule watampima upya na kulinganisha. Aliyesogeza vidole asubuhi na jioni hawezi tena ni dharura, na bila karatasi ile hakuna atakayejua kwamba asubuhi aliweza.