Re: Uyoga wa kichuguu utakaa hadi kiangazi bila friji?

Mkuu, unakaa vizuri tu ukikauka sawasawa. Huku Misungwi na Kwimba, mkoani Mwanza, tunauanika kama michembe (viazi vitamu vya kukaushwa): unapangusa udongo kwa kitambaa (usiuloweke, utanywa maji), unachana vipande virefu, unatandaza kwenye wavu ulioinuliwa na kufunika chandarua kuzuia nzi. Shida ni kwamba uyoga unaota wakati wa mvua, jua lenyewe la kubahatisha. Likigoma, malizia juu ya jiko la mkaa lenye moto wa chini. Kipande kikivunjika kwa mlio, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko wa kubana. Kikipinda bado, rudisha juani, la sivyo utaota ukungu. Na usiuanike karibu na dagaa, labda kama unapenda uyoga wako wa karanga unuke samaki kama mwaloni!

Ila kabla ya kuanika, hakikisha ni wenyewe. Wa kichuguu una mzizi mrefu unaozama hadi kwenye kiota cha mchwa. Uking'oa ukakuta shina limekaa ndani ya kifuko cheupe, achana nao. Wala usidanganywe na habari za kuchemsha na kitunguu au kuangalia kama wadudu wameula. Sumu ya uyoga mbaya kabisa haiondoki kwa moto wala kwa kukausha, na kutapika kunaweza kuanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, ini likiwa tayari linashambuliwa. Mtu akiugua, kimbieni hospitali na mabaki ya uyoga, hata kama anasema amepata nafuu.