Kustaafu sio kukaa bure: Dani anajibu maswali yenu

Tangu niseme hapa kwamba niliacha unesi nikaanza kushona kwilti, zile blanketi za viraka, maswali yamejaa kwa simu mpaka sijui nianzie wapi. Hebu nijibu machache kabla stima ipotee.

Dani habari. Nilifikisha miaka 60 mwezi wa nne nikatoka shule. Saa hii naamka, naangalia TV, nagombana na mzee juu ya chumvi. Kwani niko sawa kweli? (Mwalimu, Nakuru)

Uko sawa mwalimu, ni kengele tu imenyamaza. Miaka yote hiyo ndiyo ilikuwa inakuambia chai ni saa ngapi, sasa haiko na mwili bado unaingojea. Na wale waliokutangulia walikuwa wanatoka na 55, hii ya 60 ilikuja 2009, kwa hivyo uliongezewa mitano ya kujipanga ukaimaliza ukisahihisha mitihani, si ndio? Mimi nilijiandikia taimtebo nikabandika kwa friji: Jumanne na Alhamisi cherehani, Jumatano kujitolea wodini, Jumapili tukitoka kanisani napitia soko la Kibuye kutafuta vitambaa, na hizo siku zingine zinakaa hivyo tu bila kitu. Usijaze wiki yote. Mwezi wa kwanza nilijaza yote nikachoka kuliko zile siku za zamu ya usiku. Chumvi nayo, mzee aweke mwenyewe.

Watoto wangu wawili wananiachia wajukuu Jumatatu hadi Ijumaa, hawaulizi, ni "si uko tu nyumbani". Nawapenda lakini nimechoka. (Nyanya, Kakamega)

Hiyo "si uko tu" hunichemsha damu! Mama, taja siku zako kabla wao hawajakutajia zao. Mimi nilimwambia mke wa kijana wangu Jumamosi wajukuu ni wangu kutoka asubuhi mpaka jioni, siku zingine unanipigia kwanza, na Jumanne hata usipige. Alininunia kama wiki mbili hivi halafu akazoea. Sasa huyo wa miaka tisa akija ndiye ananiwekea uzi kwa sindano juu macho yangu yamekataa, na ananipangia rangi, na mara nyingi anapanga vizuri kuliko mimi.

Fundi amenipea mfuko mzima wa vipande vya kitenge. Nianze aje, na ndani ya hiyo kwilti kunawekwa nini? (Nyalenda, Kisumu)

Hapa ndio napenda. Kwanza fua, kila kipande, na zile rangi kali fua peke yake mpaka maji yatoke safi. Mimi yangu ya kwanza niliweka kitenge chekundu karibu na shuka jeupe bila kufua, nikajifanya najua, na siku mkwe alipoiloweka ikatoka pinki yote. Mtoto bado analalia hiyo pinki.

Halafu chunguza kama ni pamba, kwa sababu vitenge vingi siku hizi ni polista. Choma kauzi kamoja juu ya sahani: ya pamba inanuka karatasi na inabaki jivu, polista inayeyuka na kukauka kama shanga ngumu. Hiyo ya pili weka kando, pasi ya moto itaiharibu.

Sasa kata katoni ikuwe mraba wa inchi sita na nusu, hiyo ndiyo kipimo chako, chora na chaki na ukate. Ukishona robo inchi kila upande unabaki na mraba wa inchi sita. Saba kwa upana, nane kwa urefu, ni vipande 56, na hiyo ni blanketi ya mtoto tayari, inchi 42 kwa 48. Shona mstari mmoja mmoja, na ukipiga pasi mstari wa kwanza laza mishono kulia, wa pili kushoto, hivyo zikikutana pembe zinakaa sawa bila kuvimba. Ndani weka blanketi jepesi la mitumba, chini shuka kuukuu, zote mbili zipite ile ya juu inchi mbili kila upande. Zishikilie na mishono mikubwa ukianzia katikati ukienda nje, ukianzia pembeni itajikunja, nimeona. Kisha ndio unashona kupita zote tatu, halafu unazungushia ukanda kwa ukingo.

Mume wangu aliaga, mashati yake bado yako kwa kabati. Nikiyakata nitakuwa nimekosea? (Siaya)

Pole sana mama. Hujakosea, lakini usikate mwaka huu kama mkono unatetemeka, mashati hayaendi mahali. Ukiwa tayari anza na mgongo, hapo ndipo kitambaa ni kikubwa, na mfuko wa kifuani uache mzima na kifungo chake. Kama shati limechakaa lishonee kitambaa kingine nyuma kwanza. Kule Marekani mwaka 1987 walitandaza Washington kwilti ya watu waliokufa na UKIMWI, vipande 1,920, kila kimoja futi tatu kwa sita, kama kaburi. Sisi tuliofanya wodi hapa Nyanza miaka hiyo, nikifikiria vile yetu ingetoshana... basi tuwache hapo.

Nilikuwa nesi, nataka kujitolea hospitali lakini wananiweka kwa mikutano tu. (Busia)

Usiende kuuliza "nisaidie na nini", enda na kitu kwa mkono. Mimi nilienda na kofia ndogo za watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, kichwa chao kinapoteza joto haraka sana, na sista akanionyesha kiti siku hiyo hiyo. Na kama leseni yako iliisha, sindano yako sasa ni ya uzi peke yake, usiguse ile ingine hata wakikuomba.

Dani, kwilti inauzwa pesa ngapi? (Nakuru)

Ya kwanza haiuziwi mtu. Ya pili hesabu kitambaa, uzi, na siku ulizokaa, na usiuzie huku Kisumu na hili joto, uza hapo kwenu mwezi wa saba.