Gari linachemsha kwenye foleni, likikimbia linapoa

SWALI: Fundi, salamu. Nina Corolla ya 1998, injini ya 5A. Nikikwama kwenye foleni ya Jinja Road mshale wa joto unakaribia nyekundu. Foleni ikifunguka unashuka wenyewe. Maji hayapungui. Fundi wa kwanza aling'oa themostati (valvu inayozuia maji hadi injini ipate joto), hakuna kilichobadilika. Wa pili anataka kufungua silinda hedi. Nimruhusu?
Msomaji, Mukono

JIBU: Usimruhusu bado. Gasketi ya silinda hedi iliyoungua haichagui foleni: maji hupungua, mapovu hutoka rejetani mfululizo, na mlimani hali huwa mbaya zaidi. Gari lako linakosa upepo likisimama, na hiyo ni kazi ya feni.

Injini ikiwa baridi, fungua swichi ya ufunguo bila kupiga stata, kisha chomoa plagi ya swichi ya joto inayoendesha feni. Kwenye Corolla hizi feni inapaswa kuzunguka papo hapo, kwa hiyo weka vidole mbali. Ikizunguka kwa nguvu, shuku swichi ya joto. Hiyo ilitakiwa kuiwasha maji yakifika takriban 93°C. Isipozunguka, angalia fyuzi, jaribu rilei (swichi ya umeme ya feni) nyingine, halafu ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikianza tu baada ya kusukumwa kwa kijiti, brashi zake za kaboni zimekwisha. Feni inayozunguka kivivu ndiyo inayowaponyoka mafundi wengi: wanaiona inazunguka, wanaipita.

Mulika pia kati ya rejeta na kondensa ya AC. Vumbi letu jekundu likichanganyika na wadudu huziba pale kama udongo wa kukandika. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kwenda nje. Presha ya kuoshea magari hulaza mapezi membamba ya rejeta.

Themostati irudishwe. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto: ianze kufunguka kati ya 80°C na 84°C.

Mwisho, kifuniko cha rejeta. Kampala iko mita kama 1,200 juu ya bahari, maji ya wazi huchemka karibu 96°C. Kifuniko kizima cha 0.9 (namba ya presha iliyoandikwa juu yake) huyasogeza hadi 115°C hivi. Mpira wake ukipasuka au ukikakamaa, nunua kingine chenye namba ileile, na usikifungue kamwe injini ikiwa moto.