Benchi moja, vifaa vitatu: namna ya kubadilisha bila kutoboa ubao upya

Fundi mwenye fremu ya futi 10 kwa 12 hawezi kuwa na benchi la vaisi (kifaa cha kubania kazi kwa mataya mawili), benchi la kunolea na benchi la drili. Nafasi yenyewe haipo, na ile ndogo iliyobaki imeshachukuliwa na geti la mteja. Matokeo yake kila kifaa kipya kinapoingia tunatoboa ubao wa benchi, kile cha zamani tunakihamishia pembeni, na baada ya muda ubao umejaa matundu na hakuna kifaa kilichokaza.

Hapa Buguruni nimeacha kabisa kufunga kifaa moja kwa moja kwenye ubao. Kila kifaa kina kiatu chake cha bamba la chuma, na benchi lina kitako kimoja kinachopokea kiatu chochote. Kutoa vaisi na kuweka mashine ya kunolea ni bolti nne na spana namba 17, basi. Ningependa kila fundi wa fremu ndogo awe nacho, kwa hiyo nitaeleza ninavyokitengeneza.

Jambo la kwanza ni mahali pa kitako, na hapa siwezi kulegeza: kiweke juu ya mguu wa mbele wa benchi. Nguvu yote ya vaisi, ukigonga, ukivuta au ukipinda nondo, inatafuta njia ya kwenda sakafuni. Kitako kikiwa katikati ya ubao, mbao ndiyo inayobeba, nayo itanesa hata kama ni mninga wa inchi mbili. Kikiwa juu ya mguu, nyundo yako inapiga kitu kisichotikisika. Ukingo wa kitako uwe sawa na ukingo wa benchi, ili taya la nyuma la vaisi, lile lisilosogea, litokeze nje kidogo. Hapo bomba refu unaweza kulibana likiwa limesimama wima bila kugonga ubao. Kimo nacho kina kipimo chake: simama wima, kunja mkono, na juu ya mataya pawe usawa wa kiwiko chako. Mgongo utakushukuru saa za jioni.

Kwa kitako mimi natumia bamba la milimita 8, kwa viatu milimita 6. Bamba la milimita 3 usilijaribu kwa vaisi, litapinda. Mabamba ya namna hii yanapatikana kwenye vyuma chakavu, na hayahitaji kuwa mazuri, yanahitaji kuwa bapa. Weka rula ya chuma juu yake na uangalie mwanga chini ya rula kabla hujalipa.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye kutoboa. Ukipima kila bamba peke yake, hata kwa uangalifu gani, matundu hayatalingana, na kiatu kimoja kitakuwa kinaingia huku kingine kinabisha. Kata mabamba yote kwa kipimo kimoja, yapange kama rundo, kitako kikiwa chini, kisha piga nukta chache za kuchomelea pembeni ili rundo liwe kitu kimoja. Weka alama nne kwa sentapanchi, kile chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo, kwenye bamba la juu. Anza na biti ndogo ya milimita 4, halafu ingia na ya 11, mwendo wa polepole na oili ya kutosha. Bolti ya M10, yaani yenye unene wa milimita 10, inapita vizuri kwenye tundu la 11. Ukitoboa 10 kamili itakusumbua kila siku. Tundu la kwanza likishapita mpaka chini, tumbukiza bolti na uikaze kwa nati, kisha hamia tundu la mshazari wake na ufanye vilevile. Rundo haliwezi tena kusogea, hata nukta zikiachia. Kabla ya kulitenganisha, kata alama moja kwa msumeno wa chuma kwenye kona ya mbele kushoto ya rundo zima. Alama hiyo itakuonyesha daima kiatu kinaelekea wapi.

Na ongeza bamba moja la ziada kwenye rundo hata kama huna kifaa cha kuliweka. Kifaa kitakuja.

Chini ya kitako chomelea nati nne. Unaweza kukata nyuzi ndani ya bamba lenyewe, lakini milimita 8 inakupa nyuzi tano tu hivi, na bolti inayofunguliwa kila siku itazimaliza. Nati zitafutwe nyeusi, zile zisizopakwa zinki, kwa sababu moshi wa zinki unapochomelea unaumiza kifua. Kila nati ishikiliwe na bolti ya zamani wakati wa kuchomelea ili isihame. Kisha chimba vyumba vya nati kwenye ubao kwa patasi, na kitako ukifunge kwa bolti zinazopenya ubao mpaka chini, zenye washa pana, vichwa vikiwa vimezama kwenye bamba.

Kuzama kwa vichwa ni muhimu kwenye viatu pia. Kifaa kinafungwa kwenye kiatu kwa bolti za kichwa bapa zinazotokea chini, na kichwa kimoja kikitokeza hata milimita moja, kiatu chote kitacheza. Tako la vaisi nyingi ni chuma cha kusubu, halipindi, linapasuka. Kama halilali sawa kwenye kiatu, jaza mwanya kwa kipande cha bati kabla hujakaza.

Mashine ya kunolea ina mambo yake. Chini yake naweka kipande cha tyubu ya lori, kati ya mashine na kiatu, na mtetemo unapungua sana. Kwa vaisi usiweke mpira, utaifanya inese. Na mashine ya kunolea isishikiliwe kwa klempu hata kwa dakika moja: mtetemo unalegeza klempu, na jiwe linazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika. Chomoa waya kwenye umeme kabla hujagusa bolti ya kwanza.

Marekani wako watu wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani kwa ajili ya kuwinda na kulenga shabaha, na wengi wao hubadilisha mashine zao za kubana juu ya kitako kimoja kwa mtindo huuhuu. Mashine hizo zina mkono mrefu unaovutwa chini kwa mbele, na nguvu hiyo inajaribu kung'oa bolti za nyuma. Mkasi wa bati wenye mkono mrefu unafanya vilevile, kwa hiyo ukiufunga, angalia zaidi washa za bolti za nyuma za kitako, na benchi lenyewe lifungwe ukutani.

Asiye na mashine ya kuchomelea anaweza kutumia plaiwudi ya milimita 18, mbili zilizogundishwa, na nati za meno zilizogongwa kutoka chini ili bolti izivute ndani ya mbao. Inatosha vaisi ndogo na mashine ya kusagia nyama. Kwa drili ya kusimama, ambayo uzito wake wote uko juu, nasisitiza chuma.

Kwetu hapa pwani, hewa ya chumvi inashika bolti haraka, basi paka grisi kwenye nyuzi kila unapobadilisha. Vaisi ya inchi 5 ni nzito, rafu yake iwe usawa wa goti, karibu na benchi. Bolti nne na spana 17 vikae kwenye kopo lililofungwa kwenye mguu uleule wenye kitako.