Kijiji alichotoka babu aliyehamia Marekani kitajulikanaje?

Swali: Babu wa mama yangu alihama Ujerumani akaingia Marekani mwaka 1883, akafariki huko mwaka 1921. Sensa ya 1900 na hati yake ya uraia zinataja Ujerumani tu, na jina lake la ukoo ni Schmidt. Nitajuaje kijiji chake na wazazi wake?

Jibu: Ndugu msomaji, usianze kupekua nyaraka za Ujerumani, maana akina Schmidt ni wengi mno. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulienea Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo, isipokuwa katika baadhi ya maeneo, ubatizo uliandikwa katika kitabu cha parokia, nacho hutafutwa kwa jina la kijiji. Jina hilo kwa kawaida huanza kuonekana katika karatasi za Marekani.

Hati ya uraia haikukusaidia kwa sababu, kabla ya Septemba 1906, kila mahakama ilitumia fomu zake, na nyingi ziliridhika na kutaja nchi, au mfalme ambaye mwombaji aliukana utii wake. Mimi ningeanzia kwenye kanisa alilosali. Wachungaji na mapadre wa sharika za Wajerumani mara nyingi waliandika mahali muumini alikozaliwa, hasa alipofunga ndoa au alipozikwa, na kitabu hicho hakina budi kusomwa katika daftari lenyewe, kwani muhtasari wake huacha mambo. Cheti cha kifo cha 1921 huenda kikataja wazazi, lakini aliyetoa maelezo pengine ni mtoto ambaye hakuwahi kuwaona babu na bibi yake. Kichukulie kama fununu. Kitabu kikinyamaza, wafuatilie ndugu zake, mashahidi wa ndoa yake na wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake, kwa kuwa wahamiaji wa kijiji kimoja walikuwa na desturi ya kufuatana.

Orodha za abiria za Hamburg za 1850 hadi 1934 zimehifadhiwa kwa sehemu kubwa, nazo hutaja makazi ya mwisho, ambayo huenda yalikuwa mahali pa kazi tu. Za Bremen za wakati alipohama babu huyo ziliharibiwa.

Ukipata jina, hata likiwa limeandikwa kama karani alivyolisikia, lilinganishe na kamusi ya Meyer ya majina ya mahali ya mwaka 1912, kwani vijiji vingi vya Ujerumani vina jina moja. Ndipo utafute ubatizo, ambao kwa kawaida hutaja wazazi wote wawili. Ukimpata Schmidt mwenye umri unaolingana, pekua pia kitabu cha maziko cha parokia hiyo: mtoto alipofariki, wazazi mara nyingi walimpa anayefuata jina lile lile, na nimeona koo zilizojengwa juu ya mtoto aliyezikwa akiwa na miezi miwili.