Sufuria zinazong'aa: tatizo si uhaba wa mwanga

Pole dada uliyeuliza kama ununue taa ya tatu ya kupigia picha sufuria zako. Hilo la kujikuta wewe na simu yako mmechorwa ubavuni mwa sufuria ya stili, na doa jeupe la flashi juu yake, nalijua. Nilipoanza kupiga picha birika za wateja, hata maandishi ya fulana yangu yalisomeka.

Usinunue taa ya tatu. Stili ni kioo, inataka kitu kizuri cha kuakisi. Zima flashi na taa ya dari, weka meza kando ya dirisha, tundika shuka jeupe lisilo na maua hapo dirishani, na upande wa pili simamisha manila nyeupe. Doa litageuka mng'ao mpana, laini. Ila weupe ukizidi, sufuria inapauka na umbo linapotea. Kata vipande viwili vyembamba vya manila nyeusi, visimamishe kushoto na kulia, nje kidogo ya picha, kingo zitajichora. Hapa ndipo mimi humaliza nusu saa nzima nikivisogeza sentimita moja moja.

Wewe mwenyewe rudi nyuma, kuza mara 2, ujifiche nyuma ya manila nyeupe uliyoitoboa tundu la lenzi. Kichujio cha polaraizi, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi kupunguza mng'ao, husaidia kwenye glasi na plastiki. Kwenye chuma kitupu hakifui dafu.

Usiku tumia LED. Balbu ya halojeni hupata joto kali, ukiiweka karibu na shuka ni kuita moto nyumbani. Na mteja akitaka katalogi ya kuchapishwa, mlipe mpiga picha wa bidhaa.